Muhuri Kwanza, Barabara Baadaye: Jinsi ya Kudai Habari na Kuandamana Kisheria Nchini Kenya

Swali linaloua maandamano mengi ya mtaani ni fupi: mnataka nini hasa? Mwanahabari anauliza, watu watatu wanatoa majibu matatu, na jioni msemaji wa kaunti anapata upenyo wa kusema vijana wametumwa na wanasiasa. Hakuna anayemuuliza kuhusu dawa zilizokosekana wala barabara iliyolipiwa bila kujengwa.

Katiba ya 2010 inakupa njia ya kuepuka aibu hiyo. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana, kusimama na mabango na kuwasilisha malalamiko kwa wenye mamlaka, kwa amani na bila silaha. Watu wengi wanakijua cha 37 kwa moyo, cha 35 wanakisikia kwa mbali. Mimi naona vinafaa kutumika pamoja, na kwa mpangilio: karatasi itangulie, miguu ifuate.

Mombasa walionyesha jinsi inavyowezekana. Mwaka 2019 wakazi waliandamana mara kwa mara kupinga agizo la kupakia mizigo ya bandari kwenye reli ya SGR, agizo lililowakata riziki wenye malori na wote waliowategemea. Kelele zilisikika, lakini mkataba wa reli wenyewe ulibaki siri. Wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo wakaomba rasmi nakala za mikataba, wakanyimwa, wakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa. Mei 2022 mahakama ikaamuru serikali iitoe. Novemba mwaka huo Waziri wa Uchukuzi, Kipchumba Murkomen, akaweka sehemu ya mikataba hadharani. Ilichukua muda, lakini ilifungua kabati ambalo mabango peke yake hayakuwa yamelifungua.

Hatua ya 1: Punguza hasira yako iwe hati

"Tunataka uwajibikaji" haimtishi mtu yeyote. Chukua zahanati ya wadi isiyo na dawa. Jiulize: kama dawa zilinunuliwa, ni karatasi gani lazima iwepo mahali fulani? Kuna oda iliyotumwa KEMSA, mamlaka ya serikali inayosambaza dawa, kuna hati ya kupokelea mzigo, kuna rejista ya stoo na kuna mgao wa bajeti. Hizo ndizo za kudai. Ukiuliza "kwa nini hakuna dawa?" utajibiwa hotuba. Ukiomba hati ya kupokelea mzigo, ama utapewa au utanyimwa, na kunyimwa nako ni jibu la kubandika kwenye bango.

Kabla ya kuandika barua, soma yaliyo wazi tayari. Msimamizi wa Bajeti huchapisha ripoti za matumizi ya kila kaunti kila robo ya mwaka. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa ripoti za ukaguzi, na humo kuna aya kavu kavu zenye moto: mradi uliolipiwa ukaachwa njiani, gari lisilojulikana lilipo. Jioni moja ya kusoma inaweza kukuokolea wiki kadhaa za kungoja barua, na utajua jina sahihi la mradi jinsi wao wenyewe wanavyouita. Hilo si dogo. Ukikosea jina la mradi, utajibiwa kwamba mradi huo haupo.

Hatua ya 2: Andika ombi la habari

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyeweza kuandika anaweza kusema kwa mdomo, na afisa anapaswa kumsaidia liandikwe. Huna haja ya wakili. Huna haja ya kueleza unazitakia nini habari hizo. Sheria inasema sababu zako haziathiri haki yako, na Mahakama Kuu ilikazia hilo mwaka 2017 katika kesi ya Katiba Institute kuhusu matangazo ya serikali. Afisa akikuuliza "za nini?" mjibu kwa heshima kwamba sheria haikudai useme.

Barua yenyewe iwe fupi, mfano huu:

Kwa Afisa wa Upatikanaji wa Habari,
Idara ya Afya, Serikali ya Kaunti ya ______.

KUH: OMBI LA HABARI, KIFUNGU CHA 35 CHA KATIBA NA SHERIA YA UPATIKANAJI WA HABARI YA 2016

Mimi ni raia wa Kenya, nambari ya kitambulisho ______. Naomba nakala za hati zifuatazo kuhusu Zahanati ya ______, za kuanzia tarehe 1 Julai 2024 hadi tarehe 30 Juni 2025:
(a) oda zote za dawa zilizotumwa KEMSA kwa ajili ya zahanati hii;
(b) hati zote za kupokelea dawa hizo, zikiwa na tarehe na sahihi;
(c) kiasi cha fedha kilichotengewa zahanati hii na kiasi kilichotumika.

Naomba nakala hizo kwa barua pepe: ______. Iwapo sehemu yoyote haiwezi kutolewa, naomba nielezwe kwa maandishi ni ipi na kwa kifungu gani cha sheria, kisha nipewe sehemu iliyobaki. Natarajia jibu ndani ya siku 21 kama sheria inavyoagiza.

Jina, sahihi, tarehe, simu.

Hapo kuna mambo mawili ya kutazama. Tarehe zimefuata mwaka wa fedha wa serikali, Julai hadi Juni, kwa sababu ndivyo wanavyohifadhi vitabu vyao. Na ule mstari wa "sehemu iliyobaki" unaziba mlango wa afisa anayetaka kuficha faili nzima kwa kisingizio cha ukurasa mmoja wenye majina ya wagonjwa.

Kama hujui afisa wa habari ni nani, andikia mkuu wa taasisi. Kisheria yeye ndiye afisa mpaka amkabidhi mwingine. Kutuma ombi hakulipiwi. Unachoweza kudaiwa ni gharama halisi ya kunakili. Ukitajiwa "ada ya faili", omba risiti na utazame uso wa anayeitaja.

Hatua ya 3: Pata muhuri

Peleka nakala mbili. Karani atakuambia, "Acha hapo mezani, mkubwa akija ataiona." Usiache. Mwambie kwa upole utangoja igongwe muhuri. Nakala yako irudi na muhuri wa kupokelewa, tarehe, jina na sahihi ya aliyepokea. Muhuri usipokuwa na tarehe, mwombe aiandike kwa kalamu. Ipige picha ukiwa bado hapo kaunta na uitume kwa wenzako wawili. Karani akikataa katakata, usigombane naye, yeye pia ana bosi. Nenda Posta uitume kwa rejista na utunze risiti, kisha uitume na kwa barua pepe ya afisi.

Tangu siku hiyo saa inahesabu. Jibu linapaswa kuja ndani ya siku 21. Wanaweza kujiongezea muda mara moja tu, usiozidi siku 14, kama habari ni nyingi mno au lazima washauriane na wengine. Habari inayohusu uhai au uhuru wa mtu, kwa mfano aliyekamatwa na hajulikani aliko, ina muda wake: saa 48. Andika hilo juu kabisa ya barua, kwa herufi kubwa. Ombi likifika afisi isiyohusika, afisi hiyo inatakiwa kulihamisha ndani ya siku 5, siyo kukurudisha wewe uanze kuzungushwa ghorofa hadi ghorofa.

Kimya ni jibu. Siku zikipita bila neno, sheria inahesabu kwamba umekataliwa, nawe unaweza kusonga mbele.

Hatua ya 4: Wakikataa

Wana sababu halali chache: usalama wa taifa, faragha ya mtu, siri za kibiashara na kadhalika. Lakini sheria hiyo hiyo inasema maslahi ya umma yakizidi madhara ya kutoa, habari itolewe. Kwenye kesi ya SGR serikali ilijificha nyuma ya usiri wa mkataba na haikusaidika.

Una siku 30 tangu uarifiwe uamuzi kupeleka ombi la kupitiwa upya kwenye Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo wengi tunaiita Afisi ya Ombudsman. Ambatanisha ile nakala yenye muhuri na jibu, kama lilikuja. Tume inaweza kuamuru habari itolewe. Asiyeridhika na amri yake ana siku 21 kukata rufaa Mahakama Kuu. Wanaharakati wenye haraka huruka Tume na kukimbilia mahakamani moja kwa moja, na kuna kesi zilizotupwa nje kwa sababu hiyo tu. Vumilia hatua hii hata kama inachosha.

Wakati unangoja, wasilisha malalamiko kwa maandishi kwenye bunge la kaunti au kwa serikali ya kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakupa haki hiyo. Saini za wakazi zikiwa na majina na nambari za vitambulisho zina uzito. Orodha ya majina ya mitandaoni haina.

Hatua ya 5: Waarifu polisi, usiwaombe

Hapa ndipo wengi wanakosea kwa neno moja. Wanaandika "tunaomba kibali". Hakuna kibali cha kuandamana Kenya. Leseni ya mikutano iliondolewa mwaka 1997, baada ya mazungumzo ya vyama ya IPPG, na mahali pake ikaja ilani. Unamwarifu OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi cha eneo hilo, basi.

Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inataka ilani ifike siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla ya tukio. Peleka siku 5 au 6 kabla, ili wikendi isikuharibie hesabu. Andika jina kamili na makazi ya mwandalizi, tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, na mahali pa mkutano au njia mtakayopita, barabara kwa barabara. Saa lazima ziwe kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni. Mimi ningemaliza saa kumi, watu wapate matatu kukiwa bado na mwanga. Mengi mabaya hutokea wakati umati unatawanyika gizani. Mwandalizi aliyetajwa anatakiwa awepo mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo usiandike jina la mheshimiwa atakayekuja kupigwa picha na kuondoka.

Muhuri tena. Nakala mbili, utaratibu ule ule wa kaunta ya kaunti. Kituoni waombe pia waandike kwenye kitabu cha matukio na wakupe nambari ya OB.

OCS anaweza kuzuia kwa sababu tatu tu: ilani haikutolewa, kuna mkutano mwingine ulioarifiwa mapema kwa mahali na wakati ule ule, au kuna hatari ya wazi na ya karibu ya kuvunjika kwa amani. "Amri kutoka juu" haimo. Akikataa kwa mdomo, mwandikie siku hiyo hiyo: "Leo saa hii uliniambia maandamano hayatafanyika kwa sababu hii. Naomba sababu hiyo kwa maandishi." Barua hiyo ndiyo wakili atakayoibeba mahakamani. Na inafaa kubebwa: Julai 2024, polisi walipopiga marufuku maandamano katikati ya Nairobi kwa hoja kwamba hayana viongozi, Mahakama Kuu ilisimamisha marufuku hiyo siku moja baadaye. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa niaba ya wengine, na Chama cha Mawakili, LSK, kimefanya hivyo mara nyingi.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Gaweni kazi usiku uliotangulia. Mmoja azungumze na polisi, na awe mtu asiyepandwa na hasira haraka. Wawili wazungumze na wanahabari, wakitumia sentensi zile zile. Wengine waangalie pembeni mwa umati. Mmoja abaki nyumbani na orodha ya waliokwenda, nambari za wakili na za jamaa zao. Huyo asije hata akitamani, kwa sababu wote mkikamatwa yeye ndiye atakayepiga simu.

Andika nambari ya wakili kwenye mkono kwa kalamu isiyofutika. Simu inaweza kuchukuliwa, mkono hauchukuliwi. Funga simu kwa nambari ya siri badala ya alama ya kidole au uso.

Bila silaha maana yake bila mawe, bila manati na bila rungu la bendera. Bango la kadibodi linatosha. Watu wasiojulikana wakijiunga na marungu, na siku hizi wahuni wa kukodiwa si jambo la kushangaza, ondokeni upande wao mara moja, ketini mkiweza, na mwarekodi kutoka mbali. Msibishane nao. Picha moja ya rungu kwenye taarifa ya saa moja inafuta barua zako zote.

Gesi ikirushwa, tembea kuelekea upepo unakotoka. Suuza macho kwa maji safi mengi, usisugue. Usijipake mafuta asubuhi hiyo. Kemikali hunata kwenye ngozi yenye mafuta. Lensi za macho ziache nyumbani.

Kurekodi ni sehemu ya haki ya habari, na hapa nataka tukae kidogo. Video nyingi zinazosambaa hazina maana mahakamani: sekunde kumi za vumbi na mayowe. Anza na kitu kinachoonyesha mahali, kibao cha duka au jina la barabara. Sema saa na tarehe kwa sauti. Halafu nasa nambari ya gari, nambari ya huduma begani au kifuani mwa afisa, na nani alifanya nini kabla na baada. Usikate. Tunza faili ya awali jinsi ilivyo. Ukiituma WhatsApp kama video ya kawaida inabanwa na kupoteza taarifa zake, kwa hiyo itume kama hati. Kabla ya kuchapisha popote, ziba nyuso za waandamanaji wenzako. Polisi nao hutazama mitandao. Na usiandike "ameuawa" au "ametekwa" kabla ya kuthibitisha, kwa sababu Sheria ya Uhalifu wa Mitandao ya 2018 imewahi kutumika kuwashtaki watu kwa habari za uongo, na wanaotaka kukunyamazisha wataanzia hapo.

Pangeni pia bila intaneti. Tarehe 25 Juni 2024, siku waandamanaji dhidi ya Mswada wa Fedha walipoingia Bungeni, intaneti ilidorora nchini, siku moja tu baada ya Mamlaka ya Mawasiliano kusema haina nia ya kuizima. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Juni 2025, mamlaka hiyo hiyo iliagiza televisheni na redio ziache kutangaza maandamano moja kwa moja, na Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo. Kubalianeni mahali pa kukutana na ujumbe wa SMS wa neno moja kwa kila hali.

Hatua ya 7: Ukikamatwa

Usikimbie, usipigane. Paza sauti utaje jina lako kamili ili aliye karibu alisikie na kulirekodi. Uliza unakamatwa kwa kosa gani na unapelekwa kituo gani. Kifungu cha 49 kinakupa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, na kuwasiliana na wakili na mtu mwingine unayehitaji msaada wake. Kunyamaza kunamaanisha kunyamaza hata kwa afisa mpole anayekuletea chai na kukuuliza nani alinunua mabango. Toa jina lako, halafu sema utazungumza wakili wako akiwepo. Usitie sahihi taarifa usiyoisoma.

Lazima ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, unasubiri hadi siku inayofuata ya mahakama, na hiyo ndiyo siri ya kamatakamata ya Ijumaa: anayekamatwa Ijumaa alasiri anaweza kulala ndani hadi Jumatatu. Ukiweza kuchagua, andamaneni Jumanne au Jumatano.

Aliyebaki na orodha azunguke vituo vya karibu, aulize jina baada ya jina, na adai jina liwe kwenye kitabu cha matukio. Asiyeandikwa ndiye wa kuhangaikiwa kwanza. Hapo ndipo ile barua ya saa 48 inapotumika, sambamba na wakili kuomba mahakama iamuru mtu aletwe. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, KNCHR, nayo iarifiwe usiku huo huo.

Hatua ya 8: Baadaye

Aliyejeruhiwa aende hospitali kwanza, kisha achukue kituoni fomu ya P3, ile ya polisi ya kurekodi majeraha, ijazwe na daktari. Tunza nguo zenye damu kwenye mfuko wa karatasi, plastiki huozesha. Malalamiko dhidi ya polisi yapeleke IPOA, mamlaka huru iliyoundwa kwa sheria ya 2011 kuangalia kazi ya polisi, yakiwa na nambari ya OB, P3, majina ya mashahidi na zile video ambazo hukuzikata. Polisi wenyewe wanatakiwa kuiarifu IPOA kila panapotokea kifo au jeraha baya mikononi mwao, lakini usitegemee kwamba wameshafanya hivyo.

Ulizia ombi lako la habari nalo. Mara nyingi jibu hufika wiki baada ya maandamano, likiwa nusu. Soma kilichokosekana, andika ombi la pili kuhusu hicho tu, ulipeleke kaunta ile ile.

Na kama ulitoa pesa za dhamana kituoni au mahakamani, hakikisha unapewa risiti rasmi yenye jina lako, siyo la rafiki aliyekulipia haraka haraka kwa simu. Kesi ikifutwa au ikiisha nawe ukiwa umehudhuria kila mara, fedha hizo ni zako na hurudishwa, lakini bila risiti utazungushwa hadi uchoke.